Udongo wa Kipande cha Saba

Namswea, 16 Februari

Mvua imenipokea kwa makofi. Pikipiki imetuangusha mara mbili kabla ya kufika, na mara ya pili keekee yangu ya kutobolea udongo imenipiga mgongoni kwa chuma chake chote. Nimemtukana dereva. Mama yake nimemwacha kwa sababu leo ni Jumapili.

Nimepewa chumba nyuma ya nyumba ya Mzee Hyasinti, mkuu wa ukoo wenye ntambo huu, yaani mgongo mzima wa mlima kutoka kijito hadi kijito. Nitakaa hapa msimu wote wa maharage. Watu wa huku wanawachoma nguruwe sindano za viuavijasumu wapendavyo, na dawa haiishii kwa nguruwe. Sehemu kubwa hutoka na mkojo na mavi, mavi yanakwenda shambani, na shambani ndiko tunakokula. Ofisi inataka kujua ni kiasi gani kinabaki kwenye udongo. Nimeugawa ntambo vipande kumi na viwili. Nitatoboa kila kimoja, nitafunga udongo kwenye mifuko, nitaupeleka Mbinga kwa bosi wangu, Bwana Shukrani, naye ataupeleka maabara. Bwana Shukrani ni Mwislamu kutoka Kondoa, na ndiye aliyepewa kitengo cha nguruwe. Serikali nayo ina utani wake.

17 Februari

Nimeingizwa sengu. Ndilo baraza lao: wanaume wa ukoo wanakula chungu kimoja, kisha wanasema mambo yao. Wanawake wanapika, wanaleta, wanaondoka. Mimi nimekalishwa na wanaume kwa sababu ya cheo, na nikavimba kichwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hata wale wa Ngaka walianza kwa kutoboa hivihivi," Mzee Hyasinti amesema. "Baadaye tukaona malori ya makaa."

"Makaa ya mawe hata kuyawasha siwezi. Natafuta dawa ya nguruwe tu. Na udongo wenu hautamfikisha mtu polisi."

Amenisogezea ugali. Nimekula na maharage yake mpaka nikajilamba vidole. Ndipo akasema, "Umekula. Basi umesema."

22 Februari

Mvua. Vipande vinne. Mafua.

27 Februari

Leo nimemwona Urbani akitibu. Huyu ni mtoto wa mzee, mwenye mabanda mengi kuliko wote. Nguruwe jike alikuwa amelala, hataki kula. Watu wawili wamemkalia, wa tatu ameshika masikio, Urbani akajaza bomba la sindano dawa ya njano, hivyo viuavijasumu vyao, hadi mwisho, akaikita shingoni kama mtu anayepigilia msumari. Damu imemrukia shavuni. Hakujifuta. Sindano ileile imeingia kwa wa pili, kwa wa tatu, hadi kwa watoto.

"Umempima uzito?" nimeuliza.

"Dada mtaalamu, nguruwe anapimwa kwa macho."

"Na ukizidisha?"

"Ukizidisha si ndiyo anapona upesi?"

Wamecheka, nami nimecheka. Urbani ana kicheko cha kuambukiza, na ndiye pekee anayenibebea mifuko bila kuombwa. Nampenda kama kaka. Ameniambia nisijali nikinuniwa na mkewe, Tadea. Ni mtu wa ziwani, wa Chiwanda, na huko kwao, anasema, hata samaki wananuna.

6 Machi

Leo nimeona ngolo zikichimbwa. Wanaume wamefyeka nyasi na kuzipanga chini miraba miraba, wamemaliza mapema, wakaenda kunywa. Kisha wakaingia wanawake na majembe. Wanachimba katikati ya kila mraba na kutupa udongo juu ya nyasi, hadi mteremko mzima umekuwa mashimo na matuta. Nyasi zinaozea ndani ya tuta, shimo linashika maji, maharage yanaota juu. Kazi ya kuvunja kiuno. Sikusikia mwanamke hata mmoja akilalamika, jambo ambalo lilianza kuniudhi.

Nilipofika kipande cha saba, Tadea alisimama mbele yangu na jembe lake.

"Shimo ni langu," alisema.

"Ruhusa ninayo. Mzee ametoa."

"Mzee amechimba lini?"

Urbani alitokea nyuma yake akamzaba kofi. Jembe likaanguka. Alipoinama kuliokota akampiga la pili, na hili lilikuwa ngumi. Wanawake wengine waliendelea kuchimba.

Naandika kweli, maana hakuna atakayesoma: nilifurahi. Nilikuwa nimelowa, pua imeziba, nimechoka kubishiwa. Nikatoboa. Damu ya pua yake ilidondoka kwenye tuta nililolichagua, nikasogea pembeni nisichafue sampuli.

11 Machi

Kule bondeni nguruwe wanakufa. Mbwa wanabweka mchana kutwa.

15 Machi

Bwana Shukrani amepanda hadi hapa na buti zake, akaitisha mkutano. Ni homa ya nguruwe. "Hii haina chanjo wala haina tiba," amesema. "Mkichoma sindano mnachoma maji. Nguruwe asitoke, asiingie. Akiumwa mtoe taarifa. Akifa, shimo refu na chokaa. Tukigundua mzoga uliofichwa, tunaua wote wa ntambo huo, wazima na wagonjwa."

Urbani akasimama. "Hapa kwetu hajafa hata mmoja, mheshimiwa."

Nimeona mabanda yake yamepungua kelele. Nilipomuuliza amesema aliwauza kabla ya karantini kwa wakaanga kitimoto wa barabara ya makaa. Nimemwamini. Mtu anayekubebea mizigo ni rahisi kumwamini.

20 Machi

Sampuli za awamu ya pili. Urbani amekwenda Mbinga, ila aliniachia neno kwamba cha saba nikiruke, kimejaa maji. Nimekwenda hata hivyo, maana mimi nikikatazwa huwashwa. Maji hayakuwapo. Mashimo ya Tadea ni mafupi kuliko ya wenzake, mengine yamefukiwa nusu, na nikasema moyoni, kumbe kelele zote zile na kazi yenyewe ya kulipua.

Alikuwa akipalilia. Safari hii hakunizuia. Aliniangalia nikichagua tuta, akatikisa kichwa, akaenda kusimama juu ya jingine.

"Hapa," alisema. "Toboa hapa."

"Sampuli haichaguliwi na mwenye shamba."

"Toboa hapa," alirudia, kwa sauti ya chini sana.

Nikatoboa ili tu aondoke. Udongo ulitoka mweusi, wa kunata. Alinitazama usoni kama anayesubiri nipige chafya. Nimefunga mfuko, nikaandika saba, nikaenda zangu. Amejifunza adabu, nilijiambia.

26 Machi

Radi imeua ng'ombe wa katekista. Mafua yamepona, nimeanza kusikia harufu. Kijiji hiki kinanuka.

2 Aprili

Lazima niandike.

Asubuhi Bwana Shukrani amepiga simu. "Sekela, umechanganya mifuko?" Vipande vyote vina dawa, kidogo hiki, zaidi kile, kama tulivyotegemea. Cha saba kina dawa zaidi ya mara kumi ya kile kinachokifuatia. Na cha saba ndicho kipande pekee ambacho hakijatiwa mavi ya nguruwe mwaka huu! Nimesema nitarudia.

Nilikwenda mwenyewe, mvua ikinyesha kwa hasira. Nikasimama palepale aliposimama Tadea, nikazungusha keekee. Ilishuka vizuri, kisha ikagota kwenye kitu laini. Nikaegemea kwa uzito wangu wote. Kitu kikapasuka, na harufu ikaniingia puani mpaka tumboni. Chuma kilipanda na ngozi, manyoya magumu, mafuta meupe. Nikahamia shimo la pili. Sikio. La tatu. Taya na meno yake. Nilitapika nikiwa nimeshika keekee, nikaendelea kutoboa, kwa nini sijui. Kila shimo lilikuwa na nguruwe wa Urbani, amejazwa sindano hadi dakika ya mwisho, amefukiwa kwa nyasi na udongo kidogo, maharage yamepandwa juu. Shimo lilikwishachimbwa, kwa nini mtu ajisumbue kuchimba jingine? Upande wa bondeni mbwa walikuwa wamekwisha fukua. Mguu mmoja haukuwapo.

Nilipogeuka, Tadea alikuwa nyuma yangu na jembe. Nilidhani ananiua.

"Nilifikiri siku ile utasikia harufu," alisema.

"Nilikuwa na mafua."

Alicheka kwa pumzi tu, bila sauti. Kisha akashusha kanga begani akanionyesha. Sitaandika nilichoona, ila najua sasa waya wa umeme ukipigwa mgongoni huacha alama gani.

"Alinishikisha miguu ya nyuma, yeye akashika ya mbele. Wengine walikuwa bado wanapumua. Alisema nikifungua mdomo nitaingia shimo lililobaki."

"Nitamwambia Bwana Shukrani leo hii."

"Sema. Lakini jina langu lisiwepo. Ukilitaja, dada, mimi kesho siioni."

Nilimpigia Shukrani nikasema ni kosa la mifuko, anipe wiki. Huyu ndiye mwanamke niliyemfurahia akipigwa. Najichukia kiasi kwamba nashindwa kukaa na nafsi yangu chumba kimoja.

3 Aprili

Sijasema.

4 Aprili

Sijasema. Urbani amenibebea ndoo ya maji. Nimemwaga.

6 Aprili

Mama Beata wa ntambo wa pili amelia tangu alfajiri. Nguruwe wake jike na watoto wake wote wamekufa, damu puani, masikio yamekuwa zambarau. Mbwa wake ndiye aliyekuja na ule mguu. Wanawe wanapita wakichungulia mashamba ya watu, wana fimbo.

Siwezi kukaa kimya tena. Nikimwambia Shukrani, watakuja na nyundo zao za kuulia nguruwe kabla Tadea hajapata pa kukimbilia. Nimeonelea mambo ya ukoo yaanzie ukooni. Nilikula sengu yao, nikasema neno pale. Nitakwenda kwa Mzee Hyasinti, nimweleze yote, amkinge mkwewe kwanza. Jioni: nimekwenda. Amenisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umefanya vyema, mwanangu. Kesho tutakaa."

Nimejiona mwenye busara.

7 Aprili

Nimwandikie nani sasa, Mungu au polisi?

Wamekaa sengu. Tadea na wenzake walikuwa uani wanasonga ugali. Nje ya uzio walisimama watu wa Mama Beata, kimya, wengi kuliko nilivyotegemea. Mzee aliuliza bila kuzunguka. "Urbani, kwenye ngolo za kipande cha saba kuna nini?"

Urbani hakubabaika. Alikuwa na uso uleule wa kucheka.

"Baba, mimi nilipanga nyasi. Nyasi ni za mwanamume, shimo ni la mwanamke. Ndivyo mlivyotulea. Kilichomo shimoni, muulizeni aliyechimba."

Wazee walitazamana. Niliona neno lile likiwaingia na kuwatosha. Niliona wanavyolegea mabega, kama watu walioondolewa mzigo.

"Na asije akasema hakuwa na sauti juu ya lile shimo," Urbani akaendelea. "Dada mtaalamu alikuwapo. Dada Sekela, siku ile ulipotaka kutoboa, alikwambiaje?"

Wote wakanigeukia.

"Alisema shimo ni lake," nikajibu. "Lakini Urbani ndiye..."

Mzee alinyanyua mkono. "Tumeuliza alilosema."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomvunja. Nje ya uzio walikuwa wamesikia. Uzio ulianguka wote kwa mara moja. Walimkuta Tadea amepiga magoti mbele ya chungu. Mtoto wa kwanza wa Mama Beata alimpiga na kuni iliyokuwa ikiwaka. Wa pili alimnyang'anya mwiko akampiga nao mdomoni mpaka ukavunjika. Mama Beata mwenyewe, mtu wa jumuiya ndogondogo, aliyenipa mayai wiki iliyopita, alikuwa akimkanyaga mgongo akiita majina ya nguruwe wake. Ugali ulimwagika, wakateleza juu yake, wakaamka, wakaendelea. Tadea hakupiga kelele. Alikuwa amefunika kichwa kwa mikono, na kila mkono ulipotolewa aliurudisha. Kisha kuni ikamfikia jicho, na hapo alipiga kelele.

Wanaume wa sengu walikuwa wamesimama. Hakuna aliyesogea. Urbani aliegemea nguzo, mkono wa kulia ameunyoosha kushika boriti, anaangalia.

Keekee ilikuwa mlangoni kwangu. Sikumbuki kuifuata. Nakumbuka uzito wake nilipoizungusha, na mlio wa mfupa kati ya kiwiko na kiganja, mlio mdogo kuliko nilivyodhani. Alianguka. Nikampiga tena palepale. Ningempiga la tatu la kichwa, nasema wazi, nilikuwa nimeshanyanyua, ila Mzee Hyasinti alinikumbatia kwa nyuma, naye analia. Yowe la Urbani ndilo lililowazindua wale wengine. Waliacha mmoja mmoja, wakitazama mikono yao.

Mimi na wanawake watatu tumembeba Tadea hadi barabarani. Lori la makaa limetuchukua hadi hospitali.

8 Aprili

Mbinga. Jicho halikuokolewa. Nimemwambia Bwana Shukrani kila kitu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

10 Aprili

Wamekuja na nyundo na chokaa. Mabanda yote ya ntambo huu na wa Mama Beata. Nguruwe mmoja nyundo moja ikitosha, isipotosha, mbili. Wengine walikimbilia ndani ya ngolo wakanasa, wakauawa humohumo, maji ya mashimo yakawa mekundu hadi chini bondeni. Askari mmoja kijana aliomba kupumzika. Bwana Shukrani alisimama kwenye mvua tangu mwanzo hadi mwisho. "Mimi nguruwe sili," aliniambia, "lakini hiki nacho si cha kuonwa na mtu." Mizoga ya kipande cha saba wameifukua, wameizika kwa chokaa, wakarudishia matuta. Mche wa harage uliobaki hawakuujali.

11 Aprili

Polisi wamemuuliza Mzee Hyasinti juu ya mkono wa Urbani. Amesema kijana aliteleza kwenye ngolo. Hakunitazama. Nasikia na wana wa Mama Beata watasema mwanamke naye aliteleza, ndiyo maana Mzee sitamshukuru.

30 Aprili

Sampuli za awamu ya tatu, kasoro ya kipande cha saba. Hakuna anayenisalimia. Mvua zinapungua.

14 Mei, Chiwanda

Nimeshuka ziwani kumwona Tadea kwa mama yake. Upepo, usipa, dagaa wa huku, wameanikwa hadi mlangoni. Amekonda, meno ya mbele hayapo, kitambaa kimefunika jicho. Nilipiga magoti nikasema nisamehe. Aliendelea kuchambua usipa.

"Ulisema nilichosema," alijibu baadaye. "Neno lilikuwa langu."

Nikakaa. Tukachambua wote mpaka kichanja kikaisha.

"Maharage yametoka?" aliuliza ghafla.

"Ya vipande vingine ni ya kawaida. Yako, yaliyobaki na yaliyochipua upya, yanafika magotini. Mlima mzima hakuna kama hayo."

Ndipo nilipomsikia Tadea akicheka kwa sauti, pengo lote nje, mpaka mama yake akatoka ndani kuangalia kuna nini.

28 Juni, Namswea

Baridi kali. Msimu umekwisha, kesho naondoka.

Tadea amerudi leo asubuhi na magunia. Hakupita nyumbani kwa mtu. Amekwenda moja kwa moja kipande cha saba, akaanza kung'oa maharage. Urbani alitoka, akasimama, akarudi ndani. Mchana kutwa tulimwangalia akivuna peke yake, akipiga, akipepeta. Jioni wanaume walipokaa sengu, amekuja na chungu kichwani, akakitua katikati. Kisha hakuondoka.

"Mlisema shimo ni la mwanamke, na kilichomo ni cha mwanamke," alisema. "Nimepigwa kwa neno hilo. Nimekuja kuchukua kilichomo. Maharage nimevuna. Udongo nao nauchukua. Aliye na neno jingine aseme sasa, mtaalamu yupo, atakuwa shahidi."

Mtu mmoja alikohoa. Mzee Hyasinti alinawa, akamega tonge, akachovya, akala. "Maharage ya Tadea," alisema. "Kipande ni chake. Hakuna atakayekanyaga bila kumwomba." Wengine wakafuata. Nami nimekula. Najua kilichomo kwenye ule udongo kuliko mtu yeyote hapa, na nimekula.

Ikawa zamu ya Urbani. Mkono wa kulia umeunga vibaya, vidole havikunji hata kushika tonge, na wa kushoto hauingii kwenye chungu cha watu. Alimtazama baba yake, akawatazama ndugu zake. Kila mtu alikuwa akitazama ugali. Mwisho akamtazama mkewe. Tadea alimwangalia kwa jicho lake moja mpaka chungu kikaisha.

29 Juni

Sampuli ya mwisho. Vipande kumi na kimoja nimemaliza mapema. Cha saba ndicho ofisi inachokingoja kuliko vyote, kujua dawa ile imebaki kiasi gani baada ya mavuno. Tadea alikuwa anakusanya mabua. Niliiweka keekee chini, nikamwendea mikono mitupu.

"Dada Tadea, naomba kutoboa shimo lako."

Alifunga kwanza mzigo wa mabua.

"Hapana," alisema.

Nimeifuta keekee, nikaifunga kwenye gunia. Barabarani nimempigia Bwana Shukrani, nikamwambia namba saba haipo.

"Imepotea?"

"Haijapotea," nimesema. "Mwenyewe amekataa."